Maputo: Tulikoona Bunduki Zikigeuka Ndege

Safari tunayotaka kuwasimulia tuliifanya mwaka 2012. Tulikuwa akina mama saba tuliofahamiana kwenye semina za wanawake: watano wa Dar es Salaam, mmoja wa Masasi na mmoja wa Mtwara. Kwa miaka miwili tuliweka akiba kidogo kidogo, wengine kwa kuuza vitumbua na maandazi, wengine kwa batiki, mpaka nauli ikatimia. Tuliahidi kuiandika safari hii mara tu tukirudi. Lakini mambo ya nyumbani mnayajua. Mara harusi, mara msiba, mara mjukuu amelazwa, na miaka ikapita. Sasa tumekutana tena tukaona kwamba kuendelea kunyamaza si haki, hasa kwa yale yaliyotokea ng'ambo ya Mto Ruvuma tangu tuliporudi.

Dada yetu wa Mtwara ameturuhusu kueleza habari zake, ila ameomba tusimtaje jina. Yeye ni mjane. Mwaka 1987 mumewe, aliyekuwa askari, alipelekwa Msumbiji pamoja na maelfu ya wanajeshi wa Tanzania waliokwenda kuusaidia mkoa wa Zambezia wakati wa vita. Wenzake walirudi mwaka uliofuata. Yeye hakurudi. Sasa amelala Naliendele, Mtwara, katika makaburi ya mashujaa waliofia Msumbiji. Dada yetu aliachwa na watoto wawili, mdogo akiwa bado hajaanza kutembea. Tulipoanza kupanga safari ya Maputo alikataa kabisa kwenda. Alibadili mawazo mwezi mmoja tu kabla ya kuondoka, wala hakutuambia kwa nini.

BENDERA YENYE BUNDUKI

Tulikwenda kwa ndege hadi Johannesburg, na kutoka huko tukapanda basi. Kufika mpakani, Ressano Garcia, miguu ilikuwa imevimba. Tulishuka kugonga mihuri ya pasipoti, na hapo ndipo tulipoitazama bendera ya Msumbiji kwa karibu. Ina nyota ya njano, na juu ya nyota hiyo kuna kitabu kilichofunguliwa, jembe, na bunduki aina ya AK-47 yenye singe. Dada yetu aliitazama kwa muda mrefu.

"Kitabu nimeelewa," alisema. "Jembe nimeelewa. Na hii?"

Aliyemjibu ni mama wa Masasi. Yeye alikumbuka jinsi alipokuwa msichana mdogo alivyokuwa akiyasikia malori yakipita usiku kuelekea kusini, na wazee wakiwakataza watoto kuuliza yamebeba nini. Chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na wapiganaji wake walikuwa na kambi kwetu, Kongwa na Nachingwea. Silaha nyingi zilizowapa Wasumbiji uhuru wao tarehe 25 Juni 1975 zilipitia katika bandari yetu na barabara zetu. Kwa hiyo bunduki ile ya kwenye bendera si ngeni kwetu. Tuliipokea mgeni, tukaisindikiza.

Lakini bunduki haijui kwamba kazi yake imekwisha. Haukupita muda mrefu baada ya uhuru, vita vingine vikazuka, kati ya serikali ya Frelimo na Renamo, kundi lililosaidiwa kwanza na Rhodesia na baadaye na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Vita hivyo viliendelea mpaka tarehe 4 Oktoba 1992, siku mkataba wa amani ulipotiwa sahihi mjini Roma. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa, na karibu milioni tano waliyahama makazi yao. Mume wa dada yetu ni mmoja katika hiyo milioni.

MJI WENYE MAJINA TUNAYOYAJUA

Maputo ni mji mzuri, tusiwafiche. Barabara zake ni pana na zimepandwa miti mikubwa yenye vivuli. Kinachomshangaza Mtanzania ni majina. Tulitembea katika Barabara ya Julius Nyerere tukajiona kama tuko kwetu. Ipo pia Barabara ya Eduardo Mondlane, yule kiongozi wa kwanza wa Frelimo aliyeuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, tarehe 3 Februari 1969.

Chakula nacho hakikutusumbua. Tuliletewa kitu kinachoitwa matapa, na kumbe ni majani ya muhogo yaliyopondwa, yakapikwa kwa karanga na nazi. Tulicheka sana, maana tulikuwa tumesafiri njia yote ile kwenda kula kisamvu! Wanawake wa huko hujifunga vitenge wanavyoviita kapulana, na hubeba watoto mgongoni kama sisi.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo wa kanisa la pale, aliyeishi Nachingwea utotoni wakati wa kupigania uhuru. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu. Ndiye aliyetutafsiria Kireno, na ndiye aliyetueleza habari tuliyoiendea.

NYOKA CHUMBANI

Vita vilipokwisha, alisema mwenyeji wetu, watu walirudi vijijini lakini bunduki hazikurudi popote. Nyingine zilifukiwa mashambani, nyingine zilifichwa darini, nyingine chini ya kitanda. Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa waliohangaikia mazungumzo ya amani, alikuwa akiwaambia watu kwamba kulala na bunduki chumbani ni sawa na kulala na nyoka. Ipo siku atageuka akuume wewe mwenyewe.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianzisha mradi ambao jina lake kwa Kiswahili ni Kugeuza Silaha Kuwa Majembe. Msomaji wa Biblia ataona mara moja limetoka wapi. Nabii Isaya aliiona siku hiyo katika sura ya pili ya kitabu chake. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mtu alileta silaha, au alionyesha ilipofukiwa, naye akapewa kitu cha kumsaidia maishani: jembe, baiskeli, mabati, au cherehani. Kijiji kimoja kilikusanya silaha zake kikapewa trekta. Jambo kubwa ni kwamba aliyeleta hakuulizwa aliipata wapi, wala aliitumia kwa nani.

Jumba la makumbusho la British Museum la London limeandika kwamba mradi huo ulikusanya silaha zaidi ya 600,000. Hapo kwenye cherehani sisi akina mama tulitazamana. Tulimfikiria mke aliyekaa miaka akifagia chumba chenye bunduki chini ya kitanda, kisha siku moja mumewe anaitoa na kurudi na cherehani begani. Ni nani aliyeanza mazungumzo hayo usiku? Hakuna kitabu kitakachotuambia, lakini sisi tunayo mawazo yetu.

KATIKA NYUMBA YA SANAA

Silaha zilizokusanywa ziliharibiwa kwanza ili zisiweze kufyatua tena. Baadhi ya vipande vilivyobaki vilipelekwa kwa wasanii. Wengi wao walikuwa wanachama wa Núcleo de Arte, nyumba ya zamani ya wasanii wa Maputo iliyoko Barabara ya Argélia. Usidhani ni jumba la fahari. Ni nyumba ya kawaida yenye ua, picha zimetundikwa ukutani, na harufu ya rangi inakupokea mlangoni.

Kazi yao inayojulikana zaidi hatukuiona kwa macho, maana iko London. Ni sanamu inayoitwa Mti wa Uzima. Waliitengeneza wasanii wanne kwa pamoja mwaka 2004: Kester, ambaye jina lake kamili ni Cristóvão Canhavato, pamoja na Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté. Una urefu wa mita tatu na nusu na uzito wa nusu tani. Shina ni bunduki, matawi ni bunduki, majani ni bunduki, na chini yake wako wanyama na ndege wa chuma hicho hicho. Walioagiza kazi hiyo ni British Museum na shirika la Christian Aid. Binti wa mmoja wetu, ambaye ni muuguzi London, alikuwa ametutumia picha yake.

Huko London kiko pia kiti ambacho Kester alikitengeneza peke yake mwaka 2001, kikaitwa Kiti cha Enzi cha Silaha. Mwenyeji wetu alituonyesha picha zake. Sehemu ya kuegemea ni vitako vya bunduki, na matundu yaliyokuwa ya skurubu na mkanda yanafanana na macho na mdomo, kana kwamba sura za watu zinakutazama. Msanii hakuzichonga sura hizo. Zilikuwemo tangu bunduki ikiwa bunduki. Nao waliochunguza alama za viwandani wanasema silaha za kiti kile zilitoka Ureno, Ulaya Mashariki na Korea Kaskazini. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. Waliokufa nazo ndio walikuwa Waafrika.

DADA YETU NA MDOMO WA NDEGE

Siku ya pili mwenyeji wetu alitupeleka kwenye karakana ya fundi mmoja kijana. Ilikuwa kibanda cha mabati chenye mtungi wa gesi, mashine ya kuchomelea, na grainda iliyofungwa waya kwa kamba ya mpira. Sakafuni vipande vilikuwa vimepangwa kwa aina kama mama anavyopanga nyanya sokoni. Mitutu ilikuwa upande huu, vitako upande ule, magazini za risasi zimerundikwa pembeni, na springi ziko ndani ya beseni. Kulikuwa pia na kopo kuukuu la rangi lililojaa vifyatulio.

Fundi alitueleza jinsi anavyofanya kazi. Hachori kwanza. Huvitazama vipande mpaka vimwambie vinataka kuwa nini. Magazini ya AK-47 imepinda, kwa hiyo inafaa kuwa bawa au mgongo wa mnyama. Mtutu mwembamba ni mguu wa korongo. Springi ni shingo. Chuma cha bunduki ni kigumu na hakikubali upesi. Lazima ukate, upashe moto, uchomelee, uchomelee tena. Hakuna anayefanya kazi hiyo peke yake, kwa sababu mmoja hushika na mwingine huchoma.

Siku ile alikuwa akitengeneza ndege. Kwa kuwa tulikuwa saba, alisema kila mama achague kipande kimoja, na vyote saba vitaingia katika ndege huyo. Tulifurahi kama watoto. Mmoja alichukua springi, mwingine msumari mkubwa, mwingine kifuniko kilichotoboka. Mama wa Masasi alichagua kipande cha mtutu kiwe mguu, akasema labda kilipita Masasi usiku.

Dada yetu wa Mtwara alibaki nyuma. Alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipoingia, mkoba ameukumbatia kifuani. Hatukumhimiza. Mwisho alikwenda mwenyewe kwenye lile kopo la rangi, akachagua kifyatulio kimoja, akakiweka kwenye kiganja. Kisha akapitisha kidole pale kidole kinapokaa. Karakana nzima ilinyamaza.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "hiki kimeua?"

Mwenyeji wetu alitafsiri kwa sauti ndogo. Fundi alivua miwani yake ya kuchomelea. Alijibu kwamba hajui. Waliozileta hawakuulizwa, na kama wangeulizwa wasingezileta. Yeye anachojua ni kwamba hakitaua tena.

Dada yetu alikigeuza huku na huku. Kifyatulio kimepinda kidogo na ncha yake ni nyembamba. Akasema, "Basi kifanye kiwe mdomo. Ndege ale nacho."

Fundi alikikata vizuri, akampa dada yetu koleo ashike, akamwambia asitazame mwanga. Kwa hiyo ni yeye aliyekishika kifyatulio kile kikichomelewa, uso ameugeuzia ukutani, na mkono wake haukutetemeka.

Hapo karakana hakulia. Alilia usiku, na ndipo alipotuambia kwa nini alikubali kuja. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amemchukia mtu mmoja asiyemjua jina wala sura, yule aliyefyatua. Alikuwa amemwombea mabaya, na mbele za watu akasema amesamehe. Alitaka kuziona hizo bunduki ili chuki yake ipate pa kukaa. Lakini tangu asikie habari za cherehani alishindwa kuondoa picha moja kichwani: kwamba huenda mtu yule naye alirudi kijijini, akaichimbua bunduki yake, akaipeleka, akarudi kwa mke wake na cherehani begani.

"Kama alipata cherehani," alisema, "na iwe hivyo. Watoto wake wavae."

Hatusemi kwamba usiku ule mambo yote yaliisha. Mwenyewe anasema zipo siku chuki inarudi mlangoni kupiga hodi. Lakini tangu siku ile hajamwombea mtu yule mabaya.

BAADA YA KURUDI

Tuliondoka Maputo tukiwa na furaha. Mwaka uliofuata mapigano kati ya serikali na Renamo yakazuka tena. Kisha mwezi Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha walishambulia mji wa Mocímboa da Praia katika mkoa wa Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara yetu. Vijiji vilichomwa, watu walichinjwa, na mamia kwa maelfu waliyakimbia makwao. Baadhi walivuka Ruvuma kuja upande wetu.

Dada yetu alitupigia simu kutoka Mtwara. Aliuliza swali ambalo sisi sote tulikuwa tukiliogopa: je, kazi ile yote ilikuwa bure? Silaha zaidi ya laki sita zimekusanywa, mti umetengenezwa, ndege ametengenezwa, na bado nyingine zimeletwa?

Tulikosa la kumjibu siku hiyo. Baadaye ni yeye mwenyewe aliyelijibu, na kwa lugha ya nyumbani. Alisema: tunafagia uwanja asubuhi, na jioni majani yameanguka tena. Hajawahi kutokea mama aliyeutupa ufagio kwa sababu hiyo. Uwanja usiofagiwa nyoka huujua.

Na kweli, kufagia kumeendelea. Tarehe 6 Agosti 2019 serikali na Renamo walitia sahihi mkataba mwingine wa amani mjini Maputo. Wapiganaji wa Renamo walianza kurudisha silaha kambi moja baada ya nyingine, na mwezi Juni 2023 kambi yao ya mwisho, huko Gorongosa, ikafungwa. Cabo Delgado bado ni jeraha lililo wazi, nasi tunawaombeni mliweke katika sala zenu. Kanisani kwa dada yetu akina mama walikusanya vitenge na sufuria kwa ajili ya waliovuka mto. Yeye alitoa cherehani yake ya pili.

Sisi wengine safari ile ilitubadilisha katika mambo madogo. Hatuwanunulii tena wajukuu bastola za plastiki wakati wa Krismasi. Mmoja wetu, aliyekuwa hasemi na wifi yake kwa miaka minane kwa ajili ya kiwanja cha urithi, aliporudi alikwenda kwake na kilo mbili za sukari. Hakuuliza nani alianza. Alisema amejifunza Msumbiji kwamba ukianza na swali hilo, mwenzako hatakuletea kitu.

Ndugu msomaji, huenda kwako hakuna bunduki chini ya kitanda. Lakini kila nyumba ina kitu kilichofukiwa ambacho siku moja kinaweza kumlipukia mtoto. Ni neno fulani, ni deni, ni jina la mtu lisilotajwa mezani. Unakijua kilipo. Je, ni nani nyumbani kwako atakayeanza mazungumzo usiku?

Ndege wetu hatujui aliko leo. Fundi alisema akimaliza atamuuza apate kodi ya kibanda, nasi tulimtakia wateja wema. Tunayo picha moja tu, tumesimama akina mama saba mbele ya kibanda cha mabati, na katikati yetu kuna ndege wa chuma asiyekuwa bado na mabawa. Dada yetu wa Mtwara amemshika shingoni, na mdomo wake tayari upo.